Siku Niliyokula Firigisi ya Mzee Wekesa

Tangu Jumatatu, kila ninapokwenda bombani kuteka maji, hakosi mmoja wenu wa kuniuliza swali lile lile: Mama Mueni, si ulituapia kwamba mtoto atabatizwa Joyce? Nimechoka kujibu huku ndoo ikifurika. Nimeketi nikaandika yote katika daftari hili. Lipitishwe nyumba kwa nyumba, na wa mwisho anirudishie bila madoa ya mafuta ya kupikia. Baada ya hapo anayetaka kuuliza na aulize ukuta.

Kwanza mjue nilikuwa nakimbilia nini. Jina la nyumbani la mtoto halikuwa na mjadala. Kwetu Ukambani msichana wa kwanza huchukua jina la mama yake baba, na mama mkwe wangu ni Mueni, basi mtoto akawa Mueni. Sikulalamika. Lakini jina la ubatizo nilisema ni langu. Nilitaka Joyce, kwa sababu nilipofika shule ya bweni bila godoro, msichana aliyenigawia nusu ya lake aliitwa Joyce, na nusu ya godoro la futi mbili na nusu si kitu cha kusahau. Mama mkwe naye alitaka Skolastika, jina la mtawa aliyemfundisha kushona. Nilimwambia hilo si jina, ni treni ya mizigo. Likianza kupita unasimama unangoja. Hakucheka. Ameolewa na mtu wa reli miaka thelathini, treni kwake si mzaha.

Kwa sababu ya ziara za bendi ninayoimbia tulikuwa tumekosa ubatizo mara mbili. Padri akasema mara ya tatu ndiyo ya mwisho, tukikosa tungoje Pasaka ijayo. Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, saa saba mchana, baada ya misa ya pili. Nilipomwachia mama mkwe mtoto ili niende ziara ya siku kumi, alinishika mkono mlangoni.

"Usipofika nitasimama naye mimi," alisema. "Na padri akiniuliza jina, nitasema ninalolijua."

Kwa hivyo mnaposikia kwamba siku ile nilikuwa na hasira, msidhani nilizaliwa nayo.

Tala: Sheria ya Ndeti

Bendi yetu inaitwa Nyota Sita na tuko watano. Wa sita aliacha muziki akawa fundi cherehani, lakini jina lilikuwa limeshaandikwa kwenye gari. Mimi naimba. Mume wangu Mutiso anapiga gitaa la pili. Kiongozi ni Ndeti, binamu yake Mutiso, mtu mnene mwenye suruali pana kama sketi na sauti ya upole inayoweza kukufanya umtupie sufuria. Waliobaki ni mpiga besi na mpiga ngoma, ambao siku ile hawakunikosea sana, kwa hivyo nawaacha.

Jumamosi tulimaliza ziara pale Tala. Kutoka Tala hadi Makongeni ni mwendo wa saa moja na nusu, hata kwa gari letu. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshafunga mzigo, nimevaa gauni la kanisani, nimekaa juu ya spika. Nilijua hata tukichelewa kutoka, saa nne nitakuwa nyumbani, nioge tena, nimsuke mtoto, nikamshinde mama mkwe mbele ya padri nikiwa nimepumzika.

Nilikuwa nimesahau sheria.

Ndeti ana sheria ya siku ya mwisho. Siku bendi inaporudi nyumbani haikatai kitu: haikatai chakula, haikatai abiria, haikatai wimbo. Anasema mwaka mmoja walikataa kumwimbia mama muuza ndizi kule Masii, na kabla hawajaenda maili moja ngoma kubwa ikaanguka kutoka juu ya gari, lori likaifanya chapati. Mimi nasema ngoma ilifungwa na Mutiso, na kila kinachofungwa na Mutiso huanguka. Lakini sheria ni sheria.

Mwenye hoteli tuliyolala, mama mmoja mwenye moyo mkubwa, akatuambia tusiondoke bila muthokoi. Muthokoi kwa wasioujua ni mahindi yaliyokobolewa maganda, yakapikwa na maharagwe, na huo wake ulikuwa ndio kwanza unabandikwa. Maharagwe hayajui sheria ya mtu. Tulikaa hadi saa tatu u nusu. Ulipoiva ulikuwa mtamu, na hilo liliniudhi zaidi, maana nilitaka uwe mbaya.

Tala hadi Njiru: Twiga Anapanda

Tulikuwa hatujatoka sokoni tuliposimamishwa na mzee mmoja mchongaji, Mzee Nthenge, aliyekuwa akienda Eneo la Viwanda kumpelekea meneja fulani kazi aliyoagizwa. Alitwambia ana kamzigo kadogo. Ndeti akasema karibu, leo hatukatai. Mzee akaingia nyuma ya kibanda akatoka na twiga.

Twiga wa mti, amesimama, mrefu kumpita Mutiso kwa mikono miwili. Walijaribu kumlaza, spika zikakataa. Walijaribu kumsimamisha, paa likakataa. Mwishowe aliingia kwa matako, shingo ikapita begani kwangu, kichwa kikatokeza nje ya dirisha la upande wangu. Nilisafiri hivyo, mimi na twiga shavu kwa shavu kama tumetoka kufunga ndoa.

Nilimuuliza mzee kwa adabu kama Jumapili kiwanda kitakuwa wazi. Alifikiri kidogo, akasema hilo hakuwa amelifikiria, lakini twiga mwenyewe hana haraka.

Mvua ikaanza. Dirisha halikuweza kufungwa kwa sababu ya mgeni wetu. Gauni langu la kanisani likalowa upande wa kushoto, upande wa kulia likabaki kavu, na Mutiso akanambia nisijali, nikikaa kiupande padri hataona. Sikumjibu. Mke anaponyamaza namna ile, mwanamume mwenye akili huhamia kiti cha nyuma. Hakukuwa na kiti cha nyuma, kulikuwa na matako ya twiga.

Njiru: Wateja wa Mkate

Gari letu lilikuwa la kusambaza mkate kabla Ndeti hajalinunua na kulipaka samawati kwa mkono wake mwenyewe. Rangi aliichanganya na maji ili itoshe. Kukiwa na jua linasomeka NYOTA SITA. Mvua ikinyesha, maandishi ya zamani huamka, na tulipofika Njiru gari lote lilikuwa likisema MKATE kutoka pembe hadi pembe.

Pale dukani kando ya barabara walikuwa wamejikinga akina mama kama kumi na watano waliotoka kanisani. Walipotuona wakaingia barabarani wote. Ndeti akafunga breki. Mama mmoja mwenye kilemba cheupe akamjia dirishani, akamuuliza kwa nini mkate haujaletwa tangu Ijumaa, na watoto wanakunywa chai kavu.

Mtu mwenye akili angesema, samahani mama, sisi ni bendi. Ndeti alisema, "Samahani mama, mvua ilituzuia."

Nilimwangalia. Akaninong'oneza kwamba ile ilikuwa karibu sana na kukataa. Halafu akashuka akafungua nyuma, akatafuta baina ya nyaya akapata mikate yetu miwili ya njiani, akaikata kwa kisu cha Mzee Nthenge, kipande kwa kila mama hadi ikaisha. Waliobaki akawaandika majina kwenye karatasi. Akawaahidi Jumanne. Mama mwenye kilemba akalalamika kwamba mkate una vumbi la mbao. Ndeti akamshukuru, akasema malalamiko yatafikishwa.

Kisha mwingine akachungulia akaona magitaa, akauliza tangu lini wauza mkate wakawa na magitaa. Ndeti akasema ni ya matangazo. Basi tangazeni, wakasema. Tuliimba wimbo kuhusu mkate ambao haukuwapo duniani kabla ya dakika ile. Nakiri kiitikio kilikuwa kizuri, na mpaka leo watoto wa Njiru huenda wanauimba. Lakini tulipoondoka ilikuwa imetimia saa sita kasoro robo.

Umoja: Firigisi

Sasa nafika mahali ambapo kosa ni langu, na nitalisema kama lilivyo.

Tulipokaribia Umoja mtu mwenye suti na ua kifuani alisimama katikati ya barabara akipunga mikono yote miwili. Kulikuwa na harusi ya Waluhya. Kanisani walikuwa wamekwenda jana yake, na leo ukoo wa bwana harusi ulikuwa ukiwalisha wakwe. Wapigaji wao wa isukuti, zile ngoma za kwao, hawakuwa wamefika kutoka Kakamega. Yule bwana aliona spika akadhani tumetumwa na Mungu. Nilimfinya Ndeti mgongoni. Akasema wimbo mmoja tu, Mama Mueni, wimbo mmoja haujamuua mtu.

Tulipiga nyimbo nne za Kikamba. Wakwe walitutazama kama watu wanaosubiri mfereji utoe maji. Katika wimbo wa tano mpiga ngoma wetu alijaribu isukuti kwa kubahatisha, na bibi wawili wakainuka wakacheza kwa huruma. Halafu chakula kikaletwa. Nasi hatukatai.

Mjue kwamba tangu muthokoi sikuwa nimekula kitu, sehemu yangu ya mkate alikuwa amepewa mama wa Njiru. Ilikuwa saa saba kasoro. Nilikuwa naona uso wa mama mkwe katika kila bakuli. Mezani mbele yangu kukawekwa sahani ya kuku, na juu kabisa, peke yake, imekaa kama mfalme, firigisi. Kwetu firigisi ni nyama. Nikaichukua nikaila. Ilikuwa ngumu kidogo.

Mwanamke aliyekuwa akimimina maji akaacha kumimina. Mama mmoja jirani yangu akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba ile wenyewe wanaiita imondo, na huliwa na mkuu wa nyumba peke yake, na mwanamke haigusi. Na sahani ile ilikuwa ikipitishwa kwenda kwa babu yake bwana harusi, Mzee Wekesa, ambaye alikuwa ameketi kiti cha tatu kutoka kwangu, kitambaa kifuani, ameshanawa.

Niliwaza kuitema. Nilikuwa nimeshaimeza.

Wajomba wakainuka, wakaenda kusimama kando. Mmoja alitaka kuku mwingine achinjwe. Mwingine akasema kuku si tatizo, tatizo ni heshima, akaanza kueleza historia ya ukoo kutoka mbali sana. Ndeti akasimama kuniombea msamaha, akasema kwao Ukambani wanawake hula chochote, jambo ambalo halikusaidia. Nikaona saa saba ikipita mbele ya macho yangu. Basi nikasimama mimi.

"Mzee," nilimwambia, "nimekula kisichokuwa changu, na aibu nimeishika. Lakini saa hii mtoto wangu yuko kanisani Makongeni na mama mkwe wangu anakwenda kumpa jina. Kama ni faini nitozeni upesi, niende."

Mzee Wekesa alinigeukia. Alikuwa na jino moja mbele, na lilikuwa likitetemeka. Kumbe anazuia kicheko.

"Mwanangu, imondo haitolewi tumboni," alisema. "Aliyeila ndiye mkuu wa nyumba. Leo mzee ni wewe. Wahutubie watoto wako."

Watu wakapasuka kwa kicheko, lakini yeye hakuwa anatania kabisa. Akanipa fimbo yake. Nikawa mimi hapo, gauni limelowa nusu, fimbo mkononi, ukoo mzima wa watu nisiowajua umenigeukia, na bwana na bibi harusi wameinamisha vichwa kungoja baraka.

Sikuwa nimejiandaa, kwa hivyo nilisema ukweli. Nilimwambia bibi harusi ampende mama mkwe wake lakini majina ya watoto wayaandike mapema kwenye karatasi, watie sahihi. Nilimwambia bwana harusi, ukisema utafika saa nne, fika saa nne. Nikawaambia wasichana waliokuwa wakiwatazama wapigaji wetu kwamba mpiga gitaa si mume, ni redio inayokula. Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakakimbia. Mutiso alikuwa akichunguza viatu vyake.

Hapo ndipo akili yangu ya kidato cha nne iliponirudia.

"Neno la mwisho la mzee," nilisema. "Ndeti, leo ni siku ya mwisho ya ziara. Mnakataa kitu?"

Ndeti akasema hawakatai.

"Basi mimi mzee wa nyumba hii naomba gari liwashwe. Na tukitoka hapa, hata malaika akitusimamisha, naomba msisimame."

Alitazama kushoto na kulia kutafuta njia ya kutoka ndani ya sheria yake mwenyewe, hakuiona. Tuliondoka na baraka zote, na jogoo hai ambaye Mzee Wekesa alinikabidhi kwa mkono wake, akisema mzee hasafiri mikono mitupu. Ilikuwa saa saba na nusu.

Jogoo Road: Gari Linakataa

Sheria inawafunga watu, haifungi magari. Tulipofika karibu na Makadara gari likakohoa mara mbili, likanyamaza. Ndeti alinitazama kama anayesema, si mimi. Nikamwambia sukuma.

Tulisukuma wote, hata Mzee Nthenge. Vijana wa Maringo waliokuwa wameketi ukutani wakaja kutazama, gari la mkate linasukumwa na wanamuziki, twiga amechungulia nje, na mwanamke ana jogoo kwapani. Mmoja akaniita mama kwa lugha yao ya mtaani, akauliza, "Mathee, huyo twiga amelipa nauli?" Nilimwambia amelipa kuliko baba yako. Wenzake wakamcheka mpaka akaja kusukuma kwa aibu, na wengine wakamfuata.

Tulikuwa bado hatujafika Mbotela saa nane na nusu ilipogonga. Nilisimama. Nilihesabu kichwani: padri ameshamaliza, mtoto ameshamwagiwa maji, treni ya mizigo imeshapita. Nilikaa chini kando ya barabara na jogoo wangu. Mutiso akaja akachutama mbele yangu.

"Twende hata kama ni kumbeba tu," alisema. "Atakuwa anakutafuta."

Basi nikavua viatu nikakimbia. Mutiso akakimbia nyuma yangu na gitaa mgongoni, likimpiga kisogo kila hatua, na hilo lilinipa nguvu kidogo.

Makongeni: Ubeti wa Mwisho

Wimbo niliusikia kabla sijaliona kanisa. Ulikuwa wimbo wa kuandaa ubatizo, ule ambao nyote mnaujua, lakini uliimbwa vibaya sana, sauti zimekauka kama milango isiyotiwa mafuta. Niliingia kwa mlango wa pembeni. Wazazi wengine walikuwa wameshaondoka na watoto wao. Wamebaki akina mama wa chama cha mama mkwe, wameshikilia viti wasianguke. Padri ameketi, mkono juu ya tumbo, macho ameyafumba. Na mbele yao mama mkwe wangu, Mueni wangu mgongoni, anapiga makofi na kuanzisha ubeti.

Baadaye mmoja wa wale akina mama alinieleza. Zamu yetu ilipofika, padri aliuliza mama wa mtoto yuko wapi. Mama akasema yuko njiani, tuimbe kidogo. Padri alipoinuka tena, mama akasema bado kuna ubeti. Wimbo ule una beti sita. Waliuimba kwa saa moja na robo. Beti zilipokwisha mama alizitunga nyingine, na katika mmojawapo aliwataja watu wote wa nyumba zetu za reli kwa namba za milango yao.

Angeweza kusimama na mtoto saa saba, akasema Skolastika, akaenda nyumbani kula. Hakuna ambaye angemlaumu. Na mimi njia nzima nilikuwa nikimnolea maneno.

Aliponiona akanyamaza katikati ya ubeti. Alimshusha mtoto mgongoni, akaniwekea mikononi, akamchukua jogoo. Alijaribu kusema kitu, sauti haikutoka. Alikuwa ameimaliza yote.

Padri akainuka upesi, kabla hajatokea mwingine wa kuimba. Akauliza mtoto anaitwa nani.

Ninyi mnanijua. Jina la Joyce nilikuwa nalo ulimini tangu Tala, nimelibeba nikiwa shavu kwa shavu na twiga, nimelibeba juu ya firigisi. Nilifungua mdomo nikasikia sauti yangu ikisema, "Skolastika."

Na papo hapo, kando yangu, kwa mkwaruzo wa koo ambalo halikuwa na kitu, mama mkwe alisema, "Joyce."

Tukatazamana. Nikamwambia mama, hapana. Akatikisa kichwa, akanionyesha mimi kwa kidole. Nikamwonyesha yeye. Padri, ambaye tumbo lake lilikuwa likisikika mpaka kwa akina mama wa nyuma, alisema hawezi kukesha hapo, mtoto ana mabega mawili, atabeba yote. Na kwa kuwa langu lilisikika zaidi, ndilo lililotangulia kitabuni. Skolastika Joyce Mueni. Kwa hivyo aliyempa mtoto wangu jina lile ni mimi mwenyewe, kwa kinywa changu. Hasira hiyo sina pa kuipeleka.

Mengine machache. Twiga yuko kwetu, kiwanda kilikuwa kimefungwa, na Mzee Nthenge atarudi kumchukua. Kwa sasa tunaanikia nepi shingoni. Jogoo tulimla Jumapili hiyo hiyo, na firigisi mama mkwe aliiweka kwenye sahani yangu bila kusema neno. Hata angetaka, sauti bado haijarudi. Ananituma kwa ishara, na mimi zile za kuosha vyombo huwa sizielewi. Ndeti anatafuta mtu wa kupeleka mkate Njiru.

Na mtoto? Jana alikuwa akicheza mlangoni, nikamwita Joyce. Hakugeuka. Nikamwita Joyce mara ya pili na ya tatu, akaendelea kula udongo. Basi nikakumbuka zile siku kumi alizokaa na bibi yake, nikatazama kama mama mkwe yuko karibu, nikaona hayupo, nikaita ile treni ya mizigo, na kabla haijamaliza kupita mtoto alikuwa ameshanifikia magotini.